Krismasi Berlin: mwalimu, sogeza tarehe zako nyuma

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Mwaka huu wa 2026 mimi na mume wangu tunatimiza miaka 35 ya ndoa, na tumejiwekea akiba ya safari moja kubwa. Tunafikiria Berlin, kuanzia Desemba 21 hadi Januari 3, tukaonje Krismasi na Mwaka Mpya wa huko. Mimi ni Mkristo, mwenzangu ni Mwislamu, na ni shabiki wa kufa wa Coastal Union. Mpwa wetu aliyesoma Ujerumani anatuambia tutakwenda kukaa hotelini kutazamana kwa sababu kila kitu hufungwa. Jirani yetu naye anaapa kwamba hakuna pazuri kama huko wakati wa Krismasi. Nani mkweli?"

Jibu: Shikamooni, mwalimu, na hongereni sana kwa miaka 35.

Wote wawili ni wakweli. Wanazungumzia tarehe tofauti tu. Jirani yako ameiona Berlin ya Desemba 12. Mpwa wako anaikumbuka Berlin ya Desemba 25, tena pengine akiwa mwanafunzi, friji tupu na wenzake wote wameondoka kwenda kwao. Mimi nimekaa mji huu miaka kumi na minne nikiwatembeza wageni wanaotoka nyumbani, na malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya haya: mtu kapanda ndege akaja kuitazama sikukuu, kafika siku ambayo sikukuu imeshaingia ndani na kufunga mlango.

Kwetu Krismasi ni siku yenyewe. Asubuhi kanisani, mchana pilau, jioni watoto na nguo zao mpya wanaelekea Raskazone kuogelea. Wajerumani hawako hivyo. Wao wanaila Krismasi kabla haijafika. Majira yenyewe ni zile Jumapili nne za Majilio, kila Jumapili mshumaa mmoja zaidi unawashwa mezani, na mwaka huu Jumapili ya kwanza ni Novemba 29. Masoko ya Krismasi huanza siku chache kabla ya hapo, Jumatatu ya baada ya Jumapili wanayowakumbuka marehemu wao, kwa mwaka huu Novemba 23. Kuanzia siku hiyo mji unakuwa nje. Watu wanatoka kazini, wanasimama uwanjani kwenye baridi na kikombe cha moto mkononi, wanacheka kwa sauti ambayo kuanzia Januari hutaisikia tena.

Kisha inafika Desemba 24. Saa nane mchana maduka yanafungwa. Zawadi hufunguliwa jioni hiyo hiyo, wala hazingoji asubuhi, na katika nyumba nyingi chakula cha usiku huo ni soseji na kachumbari ya viazi, chakula cha kawaida kabisa. Bata bukini anangoja kesho yake. Barabara zinakuwa kimya mpaka unasikia viatu vyako mwenyewe. Tarehe 25 ni sikukuu ya taifa, na 26 pia. Sasa chukua kalenda ya mwaka huu uitazame: tarehe 24 ni Alhamisi, 25 Ijumaa, 26 Jumamosi, na 27 ni Jumapili, ambayo Ujerumani maduka hufungwa hata bila sikukuu. Maana yake ni kwamba supamaketi itakayofungwa Alhamisi saa nane mchana itafunguliwa Jumatatu asubuhi. Kwa tarehe ulizozipanga, mngefika Jumatatu tarehe 21, mkapata siku tatu za kuhangaika na uchovu wa safari, halafu siku nne za milango iliyofungwa. Mpwa wako hapo angecheka.

Krismasi yangu ya kwanza hapa sikuambiwa na mtu. Saa kumi jioni ya tarehe 24 nilitoka kwenda kununua mkate na mayai, nikiwa na uhakika wa mtu aliyezoea duka la Mpemba lililo wazi mpaka usiku wa manane. Nilizunguka mitaa sita. Hatimaye mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa alinionyesha kwa kidole upande wa stesheni kuu. Huko nilikuta supamaketi iliyo ndani ya stesheni iko wazi, na foleni imetoka nje ya mlango: wanafunzi, watalii, wauguzi waliotoka zamu, na wababa wa Kijerumani waliosahau maziwa ya kupikia. Siri hiyo bado inafanya kazi. Maduka ya ndani ya stesheni kubwa yana ruhusa ya kufunguliwa siku za sikukuu, na vile viduka vya kona ambavyo wenyeji huviita Späti huwa vinauza maji, biskuti na mkate wa dharura. Migahawa mingi ya Waturuki na Waarabu huko Kreuzberg na Neukölln inaendelea kupika. Njaa haitawaua. Ila sijawahi kumwona mtu aliyelipa nauli ya ndege akafurahia foleni ya stesheni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wiki mbili ni zile zile, zisogezeni nyuma. Fikeni Jumamosi Desemba 12, ondokeni Jumamosi Desemba 26. Mtapata siku kumi na mbili za mji ulio wazi, kisha wewe utakwenda ibada ya mkesha tarehe 24, mtapumzika tarehe 25, na kesho yake mtafunga mabegi. Treni na mabasi ya mji hayalali Krismasi, yanapungua tu na kufuata ratiba ya Jumapili au siku kuu, basi kufika uwanja wa ndege si tatizo. Kama ungeniambia unaweza kufika mapema zaidi, ningekusogeza mpaka Desemba 4, kwa sababu wikiendi ya Majilio ya pili peke yake kuna soko dogo huko Rixdorf, ndani ya Neukölln, linalowashwa kwa taa za mafuta na ambalo vibanda vyake vingi ni vya vikundi vya hisani na vya jirani. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Lakini siku nyingi ni gharama, nawaachia wenyewe.

Na Mwaka Mpya? Najua utauliza. Naomba niseme wazi kwamba siupendi, na wageni wangu wa umri wenu siwashauri. Ujerumani fataki huuzwa kwa watu wa kawaida siku tatu za mwisho wa mwaka, na Berlin nzima hujinunulia. Hakuna anayezirusha kwa utaratibu. Vijana wanazirusha kutoka barazani, kutoka katikati ya barabara, nyingine zinakwenda mlalo usawa wa magoti. Kuanzia jioni mpaka alfajiri mji unanuka baruti na ving'ora havinyamazi. Kuna watu wanauona ni raha ya pekee. Mimi huangalia kwa dirishani. La maana usiku huo ni maandazi yao ya mviringo yaliyojazwa jamu ndani, ambapo kwa desturi andazi moja hujazwa haradali badala ya jamu, na wote mezani wanangoja kuona nani ataliuma.

Sasa baridi, maana najua ndiyo inayowatisha. Desemba Berlin mchana huwa nyuzi tatu au nne hivi juu ya sifuri, usiku hushuka kwenye sifuri au chini yake kidogo. Theluji si ya uhakika. Mara nyingi ni manyunyu na wingu zito la kijivu linalokaa wiki nzima. Wageni wengi wanajiandaa kwa baridi na kusahau giza. Katikati ya Desemba jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro jioni. Siku yenu ina masaa saba na nusu ya mwanga, na mkiamka kwa uvivu mtabaki na matano. Mpangilio unaofaa ni huu: mambo ya kutembea na kutazama yawe kati ya saa tatu na saa tisa mchana, kisha mrudi hotelini mpumzike, mle kitu, mtoke tena giza limeshaingia kwenda sokoni. Soko la Krismasi mchana ni vibanda vya mbao tu. Ni taa ndizo zinazoligeuza, na kwa kuwa giza linaingia mapema, hamhitaji kukesha ili mlione.

Makoti msinunue Berlin. Nendeni Karume, Dar es Salaam, wiki mbili kabla ya safari, mkaulize mitumba ya baridi. Makoti mazito yanauzwa bei ya chini kwa sababu wateja wake ni wachache, na mengi yametoka huku huku Ulaya. Mtakuwa mnayarudisha kwao kwa likizo fupi. Koti liwe refu, lifunike makalio, na lizuie upepo na maji. Ndani vaeni nguo nyembamba nyingi, msivae sweta moja nene kama godoro, kwa sababu kila duka, basi na jumba la makumbusho lina joto la ndani na mtakuwa mnavua na kuvaa siku nzima. Viatu ndivyo msivyopaswa kuvifanyia ubahili. Baridi ya Berlin inaingia kwa nyayo, maana sokoni mnasimama, hamtembei. Soli iwe nene ya mpira yenye meno, na kiatu kiwe kikubwa kwa namba moja ili soksi mbili zipate nafasi bila kubana vidole. Barafu ikiganda usiku, njia ya miguu inakuwa kama kioo kilichomwagiwa mafuta ya taa. Asubuhi hiyo tembeeni kwa hatua fupi, kama bata, bila aibu. Bebeni mafuta ya mgando. Hewa kavu ya ndani inapasua midomo na vidole kwa siku mbili. Na dawa zenu za kila siku, kama mnazo, zije za kutosha na wiki moja ya ziada, katika begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Simu ya dharura ni 112.

Mkifika uwanja wa ndege kuna mtego mmoja. Berlin imegawanywa kanda tatu za nauli, A, B na C. Tiketi inayouzwa zaidi ni ya AB, na inawatosha kwa karibu kila kitu. Lakini uwanja wa ndege, BER, uko kanda C, na safari hiyo inataka tiketi ya ABC. Hapa hakuna mageti ya kukuzuia; unaingia tu kwenye treni, na wakaguzi wanaokaa pembeni yako wamevaa kiraia kama abiria wengine. Tiketi ya karatasi lazima pia uigonge muhuri kwenye kile kisanduku kidogo cha jukwaani kabla ya kupanda. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilinunua tiketi halali, nikaikunja vizuri nikaiweka mfukoni kama kumbukumbu, bila muhuri. Faini ni euro 60, na maelezo yangu kwamba mimi ni mgeni yalisikilizwa kwa heshima zote huku risiti ikiandikwa.

Masoko sasa. Yako mengi, mengine makubwa mengine ya kona moja, na hamna haja ya kuyamaliza. Lililo mbele ya kasri la Charlottenburg ndilo la picha: jengo zima linamulikwa nyuma ya vibanda. La Gendarmenmarkt limekaa kati ya makanisa mawili na ukumbi wa muziki, hutoza kiingilio kidogo na lina mafundi wa mikono. Karibu na ukumbi mwekundu wa jiji, Rotes Rathaus, kuna gurudumu kubwa la kupanda na uwanja wa kuteleza barafuni unaozunguka chemchemi ya Neptune. Msiteleze, mwalimu, mifupa ya miaka yetu haina spea, lakini kuwatazama wanaoteleza ni bure. Lile la Kulturbrauerei, ndani ya kiwanda cha zamani cha bia, lina sura ya nchi za Skandinavia na ni tulivu zaidi. Angalieni tarehe ya mwisho ya kila soko kwenye tovuti yake. Kuna yanayofungwa tarehe 22 au 23, mengine yanaendelea mpaka mwisho wa mwaka huku yakifungwa au kufupisha saa siku ya mkesha.

Kitu cha kwanza kitakachowapokea ni harufu, na nadhani mtasimama. Ni karafuu na mdalasini. Sufuria kubwa za mvinyo mwekundu zinachemshwa na viungo hivyo pamoja na maganda ya machungwa, na mtu aliyekulia pwani akifumba macho atadhani yuko jikoni kwa shangazi yake. Kwa mwenzako kipo kinywaji cha aina hiyo hiyo kisicho na kilevi, juisi ya matunda ya moto yenye viungo vile vile. Ulizeni kwa jina lake, Kinderpunsch, yaani ya watoto, ingawa wazee tele wanakunywa. Kikombe ni cha udongo, na bei mtakayotozwa itaonekana kubwa kuliko iliyoandikwa ubaoni. Si wizi. Euro chache ni dhamana ya kikombe. Ukikirudisha unarudishiwa, ukikipenda unakwenda nacho na umeshakilipia. Rafu yangu ina vikombe kumi na kimoja, kila kimoja na mwaka wake. Noti ndogo na sarafu muwe nazo, vibanda vingi bado vinapendelea fedha taslimu, na choo nacho kinataka sarafu.

Soseji, mjue, karibu zote ni za nguruwe, hata zile nyeupe zinazoonekana hazina hatia. Msikisie, ulizeni. Mnachoweza kula bila wasiwasi sana ni chapati za viazi vilivyokunwa, zinakaangwa papo hapo na kuliwa na tufaha lililopondwa, ingawa mwenye msimamo mkali aulize pia mafuta yaliyokaangia. Kuna lozi zilizokaangwa kwa sukari mpaka zikashika, mtaziita kashata na hamtakosea. Kuna vitumbua vya mviringo vya maziwa mgando vinavyofanana na kalimati kama ndugu. Keki ya Krismasi inayoitwa Stollen inapendeza kwa zawadi, lakini zabibu zake mara nyingi hulowekwa kwenye ramu, basi someni karatasi kabla ya kuipeleka nyumba ya watu. Kwa chakula cha kushiba cha halali, pandeni treni mpaka Kottbusser Tor au Hermannplatz, mtachagua wenyewe.

Soko moja zaidi sikulitaja makusudi. Breitscheidplatz, magharibi mwa mji, liko chini ya kanisa la Kaiser Wilhelm lililopigwa mabomu mwaka 1943. Mnara wake uliobomoka uliachwa vile vile, na wenyeji huuita jino bovu. Desemba 19, 2016 mtu aliliingiza lori sokoni hapo na kuua watu. Soko halikuhamishwa. Mkifika, angalieni chini kwenye ngazi za kanisa: kuna ufa mwembamba wa rangi ya dhahabu unaoteremka ngazi hadi uwanjani, na majina ya waliokufa yamechongwa kando yake. Mishumaa huwa inawaka. Hatua tano kutoka hapo mtu anauza lozi. Mara ya kwanza niliona ni vibaya, siku hizi sioni hivyo. Vizuizi vizito mtakavyoviona kuzunguka masoko vilianza kuongezeka baada ya siku ile.

Mbali na sikukuu, naomba mnipe siku moja nzima ya safari yenu, na nitaitumia kwenye njia moja tu ya treni ya chini ya ardhi, U6. Shukeni kituo cha Naturkundemuseum. Ndani ya jumba hilo la makumbusho amesimama dinosa mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani, na karibu mifupa hiyo yote imetoka Tendaguru, mkoani Lindi. Ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Wakubwa wa msafara walikuwa Wajerumani, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi ndio walioibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Simameni chini ya mbavu zake mtazame juu. Jumatatu jumba hufungwa, na siku za sikukuu lina ratiba yake, kwa hiyo someni tovuti kwanza. Mkiwa mnapanga majumba ya makumbusho, Pergamon liondoeni kwenye orodha. Lilifungwa lote Oktoba 2023 kwa ukarabati mrefu.

Rudini kwenye U6 mwende kaskazini mpaka kituo kinachoitwa Afrikanische Straße. Mtaa ule una majina yatakayokufanya ucheke kisha uache kucheka: Sansibarstraße, Ugandastraße, Usambarastraße, na kwa ajili yenu, Tangastraße. Ndiyo, mwalimu, mtapiga picha chini ya kibao chenye jina la mji wenu, katikati ya baridi, maghorofa ya kawaida pande zote na mtu anatoka na takataka. Majina hayo yaliwekwa kwa fahari ya makoloni. Mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kujenga hapo jirani bustani ya kuonyesha wanyama na watu wa Afrika. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoizuia. Barabara moja pale ilikuwa na jina la Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimpa jina la Mkono wa Damu. Baada ya miaka mingi ya kudai, Agosti 2024 kibao kilishushwa, na sehemu moja ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mume wako na apigwe picha hapo pia.

Mkiwa bado na nguvu, mchana unaofuata nendeni Brunnenstraße namba 193, karibu na kituo cha Rosenthaler Platz. Hakuna jengo la kutazama. Tazameni chini, kwenye njia ya miguu mbele ya mlango: kuna kibao cha shaba cha upana wa kiganja. Kimeandikwa jina la Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa askari mtoto upande wa Wajerumani katika vita vya kwanza, akaja Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ambayo hawakuwahi kumlipa, akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, mwigizaji wa filamu na msaidizi wa masomo ya Kiswahili. Serikali ya Hitler ilimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Majira ya baridi kibao hufunikwa na tope na chumvi ya barabarani. Mimi huenda na kitambaa nikakifuta, na nimeshawakuta wengine wamenitangulia.

Kuhusu Coastal Union: mwambie mzee kwamba Berlin nayo ina Union yake. Mwaka 2003, timu ikiwa hoi kwenye ligi, mashabiki 89 waliingia uwanjani kwao Köpenick jioni ya Desemba 23 bila kuomba ruhusa, wakaimba nyimbo za Krismasi ili kufarijiana. Sasa kila mwaka tarehe hiyo uwanja unajaa, zaidi ya watu elfu 20 na mishumaa mikononi. Tiketi ni ngumu kupata na nyingi huishia kwa wanachama, sitaki kuwaahidi. Lakini hata kusimama nje karibu na stesheni ya Köpenick jioni ile, ukiona babu na wajukuu wote shingoni wana skafu nyekundu, ni kitu cha kusimulia kijiweni barabara ya kumi na mbili.

La mwisho kwa mpangilio, la kwanza kwa kufanya: viza. Mnahitaji viza ya Schengen, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Ninyi kwa Desemba msingoje Oktoba. Miadi ya kuelekea sikukuu hujaa. Mtatakiwa bima ya safari inayofika angalau euro 30,000, uthibitisho wa malazi, taarifa za benki, na pasi isiyozidi miaka kumi tangu itolewe na yenye miezi mitatu ya uhai baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Wastaafu wengi huwa wanapeleka taarifa ya benki peke yake na kusahau kile afisa anachokitafuta, yaani sababu ya kurudi. Wekeni barua ya pensheni, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, na barua fupi ya ukurasa mmoja inayosema mmefikisha miaka 35 na mnakwenda kusherehekea. Tiketi ya ndege wekeni nafasi tu, msilipe fedha isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar. Mkipitia Istanbul au Doha, ukaguzi wa kuingia Schengen mtaufanyia Berlin kwenyewe, alama za vidole na picha, na mkipitia Frankfurt au Amsterdam mtaufanyia huko, basi acheni masaa matatu kati ya ndege na ndege.

Na chai. Tangawizi, hiliki na maziwa mtavipata duka lolote la Kituruki, lakini majani ya chai ya huku ni ya kulia machozi. Njooni na pakiti mbili za Usambara, moja yenu na moja ya mwenyeji wenu.